Nusukaputi

Mishipa ya Bi Thuweba imejificha.
Sindano imebisha hodi mkono wa kulia, wa kushoto,
haikuitikiwa. Basi tutapita puani.
Ibra, Julai, saa mbili asubuhi, nje nyuzi arobaini na moja;
humu ndani anatetemeka, ananiuliza kwa Kiarabu
nani aliyewasha baridi hii.

Nyonga ilivunjika bafuni. Umri themanini na moja.
Namvika barakoa, namwambia: vuta pumzi, hesabu.
Hahesabu. Anakivua Kiarabu kama mtu avuaye viatu mlangoni:
"Kitendawili."
Nami niliyefunzwa jikoni na mama yangu sina hiari:
"Tega."
"Nyumba i wazi. Mali yote imo. Kaibiwa mlinzi."

Mkono wangu uko kwenye chombo cha manjano.
Sevofluraini hushuka mapafuni, mapafu huikabidhi damu,
lakini hii na damu si marafiki wa kukaa.
Ziko gesi zipendazo damu; zikikaribishwa huketi,
finjani ya pili, ya tatu, halwa, habari za watoto,
na ubongo huko juu unangoja mgeni.
Hii hutikisa finjani baada ya funda moja,
yatosha,
hupanda.
Nilipofungua kinywa nijibu, hakuwapo wa kunisikiliza.

Dada yake, wa chombo cha buluu, tumemfungia kabatini.
Yeye huchemka kwa nyuzi ishirini na tatu:
hapo nje kwenye maegesho angechemka kiganjani.
Hatumtoi tena. Wanasema pumzi yake hubaki juu miaka,
ikizidi kulipasha moto anga,
kana kwamba Ibra ilikuwa na upungufu wa jua.

Kiasi gani? Kitabu chasema mbili katika mia
kwa mtu wa miaka arobaini; uzee hupunguza.
Kwake moja na nusu, au chini yake.
Na kipimo chenyewe kina kichekesho:
ndicho kiasi ambacho, kisu kikigusa,
nusu ya watu hutulia, nusu hujikunyata.
Aliyelitia neno nusukaputi kinywani mwetu simjui,
ila alinizidi walimu wangu.
Kuua nusu ni kazi ya chombo.
Mshahara wangu ni wa ile nusu nyingine.

Daktari Kurian anagonga msumari kama seremala mwenye haraka.
Presha inashuka; napunguza, inarudi.
Chokaa inayokunywa pumzi zake chafu
imeanza kugeuka zambarau.
Nimesoma miaka kumi na miwili. Wapo wasemao
gesi hukaba vijilango vya seli,
wapo wasemao huvuruga mafuta ya kuta zake,
kila mmoja na grafu yake, na hakuna mwenye jibu zima.
Moyo unapiga. Figo zinachuja. Kucha, nadhani, zinakua.
Mali yote imo.
Nasema kimoyomoyo: usingizi? Sio. Aliyelala huamka ukimfinya.
Nasema: roho? Naona haya mwenyewe.

Nafunga chombo. Inatoka kwa mlango ilioingilia,
karibu yote, vilevile ilivyokuja;
ini limeonja kidogo tu, kama mpishi.
Yaliyojificha kwenye mafuta yatachelewa,
atayapumua taratibu mpaka jioni.

"Fumbua macho." Kwa Kiarabu: kimya.
Kwa Kiswahili: kope zikacheza.
"Nimeshindwa, Bibi. Kitendawili chako."
"Kitendawili gani?"

Hana habari nacho. Kimefutwa, na mtegaji akiwa hai.
Nikashika desturi: "Basi nakupa mji. Nakupa Ibra."
Macho hajafumbua, midomo mikavu,
lakini biashara hii anaijua:
"Ibra ninayo. Nipe Wete."

Nikampa Wete yote, na bandari yake.
Akalala, usingizi wa kawaida sasa, wenye mikoromo,
bila kunitegulia.